Hedfoni za mgongo wazi: anza na chumba chako

Vijana wanaoanza kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo, huniuliza, "Dada, nichukue hedfoni ya Beyerdynamic DT 990 au ya Sennheiser HD 600?" Mimi huwarudishia swali: unakaa mtaa gani, na kazi zako unazifanya saa ngapi? Zote mbili ni za mgongo wazi, yaani hedfoni zinazoacha hewa ipite, na kelele za jirani hupita humo humo. Ukizinunua kwa sifa tu, unaweza kukaa nazo mwaka mzima bila kuisikia sauti uliyoilipia.

Mimi ni fundi mitambo hapa Mwanza. Kazi yangu kubwa ni kwaya, kisha bongo fleva, na mara mojamoja vikundi vya ngoma za Kisukuma. Chumba changu kipo Mabatini, kwenye nyumba zilizobanana na mawe juu ya mlima. Spika kubwa za studio siwezi kuziachia usiku, na mchana ukuta wa jirani unazirudisha sauti vibaya, kwa hiyo miksi zangu nyingi huanzia na kukomaa kwenye hedfoni. Ninayoyasema hapa yametoka kwenye kazi hiyo.

Kispika kilichomo ndani ya hedfoni hutoa sauti pande mbili: mbele kuelekea sikioni, na nyuma. Kwenye hedfoni zilizofungwa, sauti ya nyuma inagonga kikombe cha plastiki na sehemu yake inarudi kuchanganyika na ile ya mbele, kama mtu anayeimba mdomo ukiwa kwenye mtungi. Wahandisi hupunguza hali hiyo kwa sponji na maumbo ya kikombe, lakini haiishi kabisa. Kwenye za mgongo wazi, nyuma kuna wavu tu, na sauti hiyo inaondoka zake. Sennheiser walitoa HD 414 mwaka 1968, hedfoni ya kwanza ya aina hii kuingia sokoni, na kanuni haijabadilika tangu hapo. Unachopata ni nafasi: waimbaji wanaachana, mwangwi wa ukumbi unasikika unavyokufa polepole, na kichwa hakichoki haraka kwa sababu masikio hayajazibwa.

Sasa fanya jaribio ambalo halina gharama. Kaa chumbani kwako saa zilezile unazomiksi, usivae kitu, ukae kimya kwa muda. Ukisikia maneno ya watu wanaoongea nje, si mlio wa sauti tu bali maneno yenyewe, utayasikia pia ukiwa umevaa hedfoni ya mgongo wazi. Pikipiki zinazopanda mlima kwa gia ya kwanza utazisikia. Jenereta la duka umeme ukikatika utalisikia, na hilo ni baya kuliko yote kwa sababu mngurumo wake unakaa palepale ilipo besi ya wimbo wako. Mvua ikipiga bati, zima kompyuta ukalale. Mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti ili azishinde, na akishafika hapo amepoteza faida yote ya mgongo wazi na anaumiza masikio.

Mimi hufanya maamuzi ya miksi kuanzia saa nne usiku, mtaa ukishatulia, hadi kabla ya adhana ya alfajiri. Mchana nafanya kazi za kukata, kupanga na kusafisha sauti nikiwa na hedfoni za kufunga. Kama wewe huna saa tulivu hata moja, labda umepanga juu ya baa au karibu na stendi, nunua za kufunga na uwe na amani. Beyerdynamic DT 770 Pro, Audio-Technica ATH-M50x na Sony MDR-7506 zimefanya kazi nyingi nzuri duniani. Ni uamuzi wa kitaalamu, wala si wa mtu aliyeshindwa.

Kumbuka pia kwamba sauti inatoka nje vilevile. Anayelala chumba kimoja na wewe atausikia wimbo wako, mwembamba na wa kukera, akiwa kitandani. Na usimpe mwimbaji hedfoni ya mgongo wazi wakati wa kurekodi: biti na kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, vitaingia kwenye maiki, na ukija kubana sauti kwa kompresa, zile kliki zinapanda nayo. Kwa kurekodi, za kufunga. Hilo halina mjadala.

Kitu kinachowasumbua watu wengi zaidi ni besi. Hedfoni nyingi za mgongo wazi zenye koili ya kawaida huanza kushuka chini ya hertzi 80 hivi (hertzi ni mitetemo kwa sekunde; namba ndogo ni sauti nzito), kwa sababu hewa inavuja na hakuna kinachoishikilia besi ile ya chini kabisa. Waya mzito wa gitaa la besi, mi ya chini, uko hertzi 41. Kiki nyingi za bongo fleva, yaani ngoma nzito ya mdundo, zinapiga kati ya hertzi 50 na 60. Kwa hiyo sehemu muhimu ya muziki wetu iko palepale hedfoni inapodhoofika. Matokeo yake unaona besi ni ndogo, unaiongeza, unafurahi, halafu wimbo ukifika kwenye sabufa ya sebuleni madirisha yanatetemeka na sauti ya mwimbaji inazama. Tiba ni kujua hedfoni yako inashuka wapi, na kuilinganisha miksi yako na wimbo uliokamilika wa aina ileile: kama besi ya wimbo ule nayo inasikika ndogo kwenye hedfoni hiyo, basi yako iache ndogo.

Hedfoni za plana, zenye kiwambo bapa kinachosukumwa na sumaku kikiwa kizima, hushuka chini bila kudhoofika namna hiyo. Ndiyo maana kwa anayemiksi singeli au biti nzito za kompyuta naelekeza huko. Hifiman HE400se ni ya bei ya kufikika kwa aina hiyo, na Sundara iko juu yake. Ila zina uzito: HE400se ni kama gramu 390, wakati HD 600 ni gramu 260 na Audio-Technica ATH-R70x ni 210. Tofauti hiyo huioni dukani. Unaiona saa nane usiku, shingo ikiuma.

Twende kwenye mashine inayoisukuma hedfoni, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu husoma ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, peke yake. Ohm ni nusu ya habari; nusu nyingine ni desibeli, yaani ukubwa wa sauti, zinazotoka kwa miliwati moja ya umeme. HD 600 ina ohm 300 na hutoa desibeli 97 hivi kwa miliwati. Kompyuta inayotoa volti 1 inaipa miliwati 3 na ushee, yaani desibeli 102 kwenye vilele vya sauti. Hiyo inatosha kwa wimbo uliokwisha kufanyiwa masteringi, ile hatua ya mwisho ya kuupandisha sauti. Lakini miksi yako wewe bado iko chini, umeacha nafasi juu, na kwaya ikiimba taratibu unajikuta umefungua sauti mpaka mwisho na bado unaitafuta. Simu inayotoa nusu volti inakupunguzia desibeli 6 nyingine. Kwa upande wa pili, AKG K702 ni ohm 62 tu, na watu hudhani itaimba na chochote, kumbe nayo inataka nguvu. HE400se ni ohm 25 na inatoa desibeli 91 tu kwa miliwati, kwa hiyo usidanganywe na namba ndogo ya ohm.

Kama tayari una saundi kadi ya kurekodia, mfano Focusrite Scarlett, jaribu tundu lake la hedfoni kabla ya kununua amplifaya. Mara nyingi linatosha kwa hedfoni za ohm 80 kushuka, na kwa ohm 250 utasikia mwenyewe kama linabaki na akiba. Jambo la kuangalia ni ukinzani wa tundu lenyewe. Kanuni inayotumika ni usizidi sehemu moja ya nane ya ohm za hedfoni: hedfoni ya ohm 32 inataka tundu la ohm 4 au chini. Matundu ya mikisa za zamani, zile zilizoko makanisani, yanaweza kuwa na ohm nyingi kuliko hapo, na hedfoni kama HD 600, ambayo ukinzani wake hupanda kwenye eneo la besi, itavimba besi ukiichomeka humo. Fundi wa kwaya akikwambia hedfoni yako ina besi nzuri sana kwenye mikisa yake, mwombe aisikilize na kwenye kompyuta yako.

Na chomoa chaji ya kompyuta usikilize. Ukisikia mvumo umetoweka, tatizo lilikuwa umeme, usiende kulaumu hedfoni.

Kuhusu majina, nitasema ninavyoona mimi. DT 990 Pro ni imara na inakaa vizuri kichwani, lakini besi yake imenyanyuliwa na trebo yake, yaani sauti kali za juu, imenyanyuliwa zaidi. Kila "s" ya mwimbaji inachoma. Ukimiksi nayo bila kuizoea, utapunguza trebo ili ikae sawa masikioni mwako, na wimbo utatoka umefifia kwenye spika za wengine. Kwa kusikiliza muziki kwa raha, watu wengi wanaipenda na nawaelewa. Waya wake haung'oki, kwa hiyo ukikatika unahitaji fundi wa kuchomelea. HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ndiyo ninayoiamini kwa sauti za binadamu. Eneo la kati, walipo waimbaji, magitaa na kinanda, linasimama wima bila kupakwa rangi. HD 650 ni ndugu yake mwenye joto kidogo zaidi. Zote mbili vipuri vyake vinabadilishika: pedi, waya, hata kispika chenyewe. HD 560S ina ohm 120 na inashuka chini zaidi kwenye besi, hivyo ni chaguo zuri kwa asiye na amplifaya. K702 inatandaza sauti kwa upana mkubwa, inafaa kusikilizia muziki wa ala nyingi kama taarabu, ingawa besi yake ni nyembamba. Kwa mwenye mfuko mdogo, Philips SHP9500 ina ohm 32 na inaimba hata na simu; na AKG K240 Studio, ambayo mgongo wake ni wazi nusu, imekaa kwenye studio ndogo nyingi kwa sababu ya bei yake.

Kichwa chako nacho kina la kusema. Mimi nasuka, na siku nikisuka rasta nene, hedfoni zenye utepe mgumu juu zinanikandamiza palepale nywele zilipogawanywa. HD 600 ikiwa mpya inabana mashavu. Hulegea kwa muda, na unaweza kuiacha imevalishwa kwenye boksi lenye upana wa kichwa chako usiku. Wanaovaa miwani wajaribu wakiwa nayo usoni, kwa saa nzima, si kwa dakika mbili za dukani. Pedi za kitambaa cha mahameli zinafaa joto letu kuliko za ngozi bandia, zinazoloweka jasho na baadaye kuchanika.

Jaribio langu la kuchagua linaanza na kwaya. Chukua rekodi ambayo wewe mwenyewe ulikuwepo ilipoimbwa, ukajua nani alisimama wapi. Sauti ya kwanza kila hedfoni itakuonyesha. Tafuta sauti ya pili. Kwenye hedfoni dhaifu, sauti ya pili na ya tatu zinashikana kuwa tope moja katikati, na unabaki kusikia sauti ya kwanza na besi tu. Kwenye nzuri unaweza kufumba macho ukaonyesha kwa kidole walipo kina mama wa sauti ya pili, na ukasikia yule mmoja anayewahi kuvuta pumzi kabla ya wenzake. Sikiliza pia mwisho wa ubeti, pale wote wanapokata. Ukumbi unabaki na mwangwi kidogo. Ule mkia unaisha vipi? Unapotea taratibu au unakatika ghafla? Kwa kazi ya kwaya, hapo ndipo ninapoamua, kwa sababu nikishindwa kuusikia mwangwi wa ukumbi halisi, sitajua niongeze mwangwi wa kompyuta kiasi gani.

Baada ya hapo naweka ngoma. Rekodi ya bugobogobo inafaa sana: ngoma kubwa chini, njuga miguuni mwa wachezaji juu. Njuga zikisikika moja moja, zikiwa chuma, trebo iko salama. Zikigeuka mchanga unaomwagika, hedfoni inaficha au inatia chumvi. Kisha wimbo wa bongo fleva wenye kiki nzito, kupima ile besi niliyoieleza. Unapolinganisha hedfoni mbili, hakikisha sauti zimelingana kwa ukubwa, kwani iliyo juu kidogo tu hushinda kila mara. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio linasikia besi kidogo sauti ikiwa chini, kwa hiyo hedfoni yenye kelele zaidi itaonekana pia ina besi zaidi.

Maduka ya mjini hapa yana hedfoni nyingi, ila za mgongo wazi ni za kutafuta. Wengi huagiza Dar es Salaam, zikaja kwa basi, au wanaagiza nje. Ukiuziwa iliyotumika, au usiyoiamini, nenda na maltimita ya fundi redio. Gusisha ncha moja kwenye kichwa cha jeki na nyingine kwenye shina lake, soma ohm, kisha rudia kwa pete ya katikati. Pande mbili ziwe karibu sawa, na zikaribiane na namba iliyoandikwa. Hedfoni iliyoandikwa ohm 250 ikikusomea 30, rudisha mzigo, hiyo ni feki. Halafu cheza mlio mmoja unaopanda kutoka hertzi 20 kwenda juu, taratibu, ukisikiliza upande mmoja baada ya mwingine. Mkwaruzo au mtetemo kwenye besi mara nyingi ni unywele au uchafu umegusa kiwambo. Wakati mwingine ni koili imeungua. Mwishoni, weka wimbo katika mono, yaani sauti ileile pande zote mbili. Sauti isimame katikati ya kichwa. Ikivutika upande mmoja, upande wa pili umechoka.

Ukishanunua, usikimbilie kazi ya mteja. Sikiliza nyimbo za watu kwanza, zilizomiksiwa vizuri, mpaka ujue hedfoni yako inazungumza vipi. Kwenye hedfoni sikio la kushoto halisikii kabisa kinachotoka kulia, jambo ambalo halitokei mbele ya spika, hivyo gitaa ulilolisukuma kushoto kabisa litaonekana limekwenda mbali kuliko litakavyokuwa sebuleni. Mwangwi nao unasikika wazi zaidi, na ni rahisi kuuweka mchache mno. Mimi hubonyeza mono mara kwa mara, na kila miksi inapita kwenye simu, kwenye sabufa, na kwenye redio ya gari kabla haijaondoka.

Unaweza kunyoosha hedfoni kwa ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha besi na trebo. Equalizer APO ni ya bure kwenye Windows, lakini jua kwamba programu ya studio ikitumia ASIO, njia yake ya moja kwa moja kwenda kwenye saundi kadi, APO haifanyi kazi humo. Weka ikwalaiza kwenye njia yako ya kusikilizia, na uizime kabla ya kutoa wimbo, la sivyo marekebisho ya hedfoni yako yataingia kwenye faili la mteja.

Sauti iwe ya kiasi. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na kwa chumba kilichotulia huhitaji hata kufika huko. Kama mtu akikuita kwa sauti ya kawaida ukiwa umevaa na hukumsikia, shusha.

Utunzaji kwa sisi tulio kando ya ziwa una jambo lake. Wadudu wa ziwani wakija kwa makundi usiku hufuata taa, na wavu wa hedfoni hauwazuii wote; vumbi la mlimani ni hivyo hivyo. Usiache hedfoni juu ya meza karibu na taa. Ivue, ifunike kwa kitambaa kikavu, au irudishe kwenye boksi lake. Usipulize kwa mdomo kutoa vumbi, mate yanaingia kwenye kiwambo. Toa pedi, zikung'ute nje, zifue kwa maji ya sabuni kidogo kama ni za kitambaa, zianike kivulini mpaka zikauke kabisa. Zikishalala bapa, nunua nyingine za kampuni ileile, kwa sababu pedi bapa inakisogeza kispika karibu na sikio na mizani ya sauti uliyoizoea inabadilika.